Mkongo Uliokatika Baharini na Simu Isiyopata Jibu: Haki ya Mteja wa Intaneti Pwani ya Kilwa

Dominika ya tarehe 12 Mei 2024, Mama Kanisa aliadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni. Baba Mtakatifu Francisko alikuwa ameandaa ujumbe juu ya akili mnemba na hekima ya moyo, na wengi wetu tuliotoka Misa ya kwanza tulikusudia kuusoma kwenye simu zetu kabla ya chakula cha mchana. Hatukuweza. Asubuhi ile ile mikongo miwili ya mawasiliano inayolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikatika katika maji ya kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania ikadhoofika mno, na mahali pengi ikazimika kabisa, katika siku ambayo Kanisa zima lilikuwa likitafakari mawasiliano.

Waamini wengi watakuwa wanazikumbuka siku zilizofuata. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa wageni kwa muda wa siku mbili kwa sababu ya udhaifu wa mtandao. Malawi, Msumbiji, Rwanda, Uganda na Kenya nazo ziliguswa, kila moja kwa kiasi chake. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Mheshimiwa Nape Nnauye, mbunge wa Mtama na kwa hiyo mwana wa mkoa wetu wa Lindi, aliueleza umma kwamba hitilafu ilikuwa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Meli ya matengenezo ikaondoka Cape Town, mafundi wakazitafuta ncha za mikongo chini ya bahari, wakaziunganisha. Na hali ilikuwa imekwisha kuwa ngumu tangu mwezi Februari, pale mikongo kadhaa ya njia ya kaskazini ilipokatika katika Bahari ya Shamu. Mwenye nyumba yenye milango miwili alikuwa amefungiwa mmoja, kisha wa pili ukaanguka.

Tunaanza na tukio hilo ili tuliweke mahali pake. Kukatika kwa mkongo baharini ni jambo linalosameheka. Bahari ni bahari, na pwani ya Kilwa inalijua hilo kuliko wengi. Karne nyingi bandari ya Kilwa Kisiwani iliishi kwa kuzingoja pepo za kaskazi na kusi. Jahazi likichelewa, mfanyabiashara aliyekuwa ufukweni aliutazama upepo na kuijua sababu. Siku nane kabla ya mikongo kukatika, yaani tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu kikipitia Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi yalisimama, malori ya bidhaa yalisimama, abiria walilala njiani. Lakini kila mtu aliliona shimo. Aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Innocent Bashungwa, alifika na kusimamia kazi, mitambo ikaletwa, mawe yakamwagwa, na abiria mwenye njaa aliweza kumuuliza mhandisi uso kwa uso: lini tutapita?

Katika barabara nyingine, ile isiyoonekana kwa macho, hakuna wa kuulizwa. Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi.

Mikongo ilipokwisha kutengenezwa, Dar es Salaam ilirudi kazini. Kiswere haikurudi popote, kwa maana hali ya kukatikiwa huku si tukio la mwezi Mei. Kiswere ni kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya ghuba yenye mikoko, kusini mwa Kilwa Masoko, na sisi tuandikao haya tunaishi na kuhudumu katika ukanda huu huu wa pwani. Tumezoea kuishi na mtandao unaokuja na kuondoka kama maji kupwa na maji kujaa, ila maji yana saa zake zinazojulikana. Umeme ukikatika, mnara hubaki ukitegemea betri au jenereta. Betri ikizeeka, au mafuta yasipofika, mnara hunyamaza. Minara mingi ya vijijini hupokezana mawimbi, mmoja ukimrushia mwenzake, na huyo mwingine ukimrushia wa tatu, hata kufikia mkongo uliofukiwa ardhini. Ukidhoofika mmoja wa katikati, vijiji vyote vilivyo nyuma yake hupoteza mtandao, ingawa mnara wao wenyewe umesimama wima na taa yake nyekundu inawaka usiku. Anayeitazama taa ile hudhani kwamba simu yake ndiyo mbovu. Tumewaona wazee wakinunua simu mpya kwa sababu hiyo.

Tunajua yapo yaliyofanyika, na haki inatudai tuyataje. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kampuni zipelekwe pale ambapo faida peke yake isingezipeleka. Tarehe 13 Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini katika nchi yetu. Ni idadi kubwa, na tunaipokea kwa shukrani. Lakini mnara huhesabiwa siku unapozinduliwa. Siku unaponyamaza, mwanakijiji ndiye anayezihesabu.

Kwa nini jambo hili liwahusu waamini na watu wote wenye mapenzi mema, badala ya kuachiwa mafundi? Kwa sababu maisha ya maskini yamehamishiwa mtandaoni bila yeye kuulizwa. Mwalimu wa shule ya msingi huomba uhamisho na likizo kwa mfumo wa kielektroniki. Zahanati hutunza kumbukumbu za wagonjwa na za dawa kwenye kompyuta. Mkulima wa ufuta wa Kilwa, ambaye zao lake limepelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, husubiri mnada unaoendeshwa kwa mtandao, kisha husubiri malipo yaingie kwenye akaunti au kwenye simu. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, na namba hiyo hutolewa na mfumo. Aliyeko mjini, mtandao ukimsumbua, huhama kampuni au huhamia meza nyingine. Aliyeko Kiswere ana mnara mmoja.

Mwezi Agosti mwaka huu tulimsindikiza binti mmoja wa Kiswere, aliyemaliza kidato cha sita, kukamilisha maombi yake ya mkopo wa elimu ya juu. Baba yake mdogo alikuwa ameuza magunia mawili ya ufuta ili apatikane nauli na fedha za kulipia huduma kwenye steshenari. Nyaraka zilikuwa tayari: vyeti vimehakikiwa, fomu imetiwa saini na mihuri. Kilichobaki ni kuzipandisha kwenye mfumo. Siku ya kwanza ukurasa ulifunguka nusu. Siku ya pili haukufunguka. Siku ya tatu nyaraka mbili zilipanda, ya tatu ikagoma asilimia chache kabla ya kukamilika, na alipojaribu tena mfumo ukamtaka aanze upya. Siku ya nne wakapanda gari kwenda Kilwa Masoko, wakalala kwa ndugu, na maombi yakakamilika kwa muda wa dakika ishirini. Tunamshukuru Mungu kwamba yalikamilika. Lakini tulipopiga hesabu ya nauli, chakula, vifurushi vitatu vilivyokwisha bila kazi na siku nne za baba mdogo nje ya shamba, tuliona kwamba binti huyu amelipia kuingia chuo kikuu gharama ambayo mwenzake wa mjini hakuilipa, na haijaandikwa kwenye stakabadhi yoyote.

Jirani zetu wengi pwani hii ni ndugu zetu Waislamu, na katika foleni ya steshenari hakuna anayeulizwa dini yake. Wote husubiri duara lile lile linalozunguka kwenye kioo.

Nasi tuna yetu. Katika ofisi yetu ndogo tuna ruta tunayoilipia kila mwezi kwa kampuni ambayo hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu ni kulitazama tatizo lenyewe. Kwa wiki tatu mwezi Julai ruta ile iliwasha taa zake zote na haikuleta kitu. Tulipiga simu ya huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa ilitukaribisha, ikatutaka tuchague lugha, kisha tuchague huduma, kisha ikatueleza kuhusu ofa mpya ya vifurushi, kisha ikatujulisha kwamba wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine. Muziki. Baada ya muda mrefu simu ikakatika yenyewe. Tukaanza tena na lugha.

Siku tulipobahatika kumpata mtu, alikuwa kijana mwenye adabu. Alitusalimu vizuri, akamwamkia mwenzetu shikamoo alipotambua kwa sauti kwamba ni mtu mzima, akatuomba tuizime ruta, tuhesabu hadi thelathini, tuiwashe. Tukamwambia tumefanya hivyo kila siku kwa siku kumi na mbili.

"Naomba tujaribu tena, mzee wangu. Ndivyo mfumo unavyonitaka."

Tukajaribu. Haikusaidia. Akatufungulia namba ya malalamiko, akasema fundi atapiga ndani ya saa arobaini na nane. Fundi hakupiga. Tulipopiga sisi, mhudumu mwingine, msichana safari hii, alisoma kwenye kioo chake kwamba tatizo letu limekwisha kutatuliwa na namba yetu imefungwa. Tulimwambia kwamba tunaongea naye kwa simu ya kuazima. Alinyamaza kidogo, akasema, "Poleni sana. Nitawafungulia nyingine."

Tungependa waamini wasiwalaumu vijana hawa. Wengi wao ni watoto wetu, waliotoka vyuoni na kupewa kiti, kipaza sauti na karatasi ya maneno ya kusema. Hawakuruhusiwa kuuona mnara wetu katika ramani, hawana simu ya fundi aliyeko Lindi, na hawawezi kumrudishia mteja hata shilingi mia. Kazi yao imepangwa hivyo na watu wasiopokea simu. Kampuni ikimweka mtu mezani bila uwezo wa kutenda, huyo amewekwa awe mto wa kupokea ngumi, na utu wake unaumizwa sawa na wa yule anayepiga simu. Hapa tuliurudia ule ujumbe wa Baba Mtakatifu tulioukosa tarehe 12 Mei na kuusoma wiki kadhaa baadaye. Wasiwasi wake juu ya mashine zinazochukua nafasi ya moyo wa binadamu hatukuhitaji kuutafutia mfano mbali: hapa hata binadamu aliyebaki amefundishwa kuongea kama sauti iliyorekodiwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 18, yumo mjane aliyemsumbua hakimu dhalimu mpaka akapata haki yake. Tumeuhubiri mfano huo mara nyingi tukimhurumia mjane. Siku hizi tunamwonea wivu kidogo: alijua mlango wa hakimu uko wapi.

Lipo suala la fedha, nalo ni zito. Kifurushi huuzwa kwa kipimo cha aina mbili kwa wakati mmoja: wingi wa data na urefu wa muda. Kikiisha kimoja, kingine hupotea. Mtu wa Kiswere anayenunua kifurushi cha saa 24 asubuhi, mtandao ukaondoka saa tatu na kurudi usiku wa manane, amenunua siku nzima na kupewa saa chache. Data aliyobakiwa nayo inafutwa kana kwamba ameikataa mwenyewe. Sokoni tunaijua kibaba pungufu tukiiona. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanyabiashara waliokidogosha kipimo na kuikuza bei kwa wakati mmoja, nao walihitaji angalau kushika pishi mkononi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410 na 2411, inafundisha kwamba ahadi hutakiwa kutimizwa na mikataba kuheshimiwa kadiri ilivyo ya haki, na kwamba kila mmoja apewe kilicho chake katika mapatano. Mafundisho haya hayamwachi nje muuzaji kwa sababu bidhaa yake haishikiki. Aliyeuza saa 24 na kutoa saa tisa anadaiwa saa kumi na tano. Tunasema anadaiwa, kwa maana ile ile mwenye duka anayodai deni lake kwa daftari.

Watatujibu kwamba hitilafu hazizuiliki, kwamba gharama za mafuta ya jenereta vijijini ni kubwa na wateja ni wachache, kwamba nyaya huibwa na vifaa huharibiwa na chumvi ya bahari. Ni kweli yote, na wizi wa vifaa vya minara ni dhambi inayotakiwa kukemewa mimbarini. Lakini gharama hizo zikiwa sababu ya huduma kuwa pungufu, basi bei nayo ipungue, au muda urudishwe. Haikubaliki kwamba hasara ya kampuni ibebwe na mnunuzi aliye maskini kuliko wote katika mnyororo, kimya kimya, kila siku, bila hata kuambiwa.

Je, mteja hana pa kwenda? Anapo, na tunasikitika kwamba wengi hawapajui. Sheria ya mwaka 2003 iliyoiunda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lenye kazi ya kuwasemea watumiaji. Kanuni za mwaka 2018 zinazungumzia ubora wa huduma na ulinzi wa mtumiaji. Utaratibu ni huu: mteja hulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe na kutunza ushahidi, asiporidhika hulipeleka lalamiko TCRA, na asiyeridhika na uamuzi wa hapo anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Ngazi ipo. Ugumu ni kwamba ngazi hii imejengwa kwa mtu mwenye barua pepe, muda na nakala za nyaraka, na lalamiko la kukosa intaneti huombwa kutumwa kwa intaneti.

Hata hivyo sauti ya watu ikisikika kwa pamoja husikilizwa. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika na wananchi wakalalamika nchi nzima, utekelezaji ulisitishwa siku ile ile. Kwa hiyo haliwezi kuwa jambo lisilowezekana. Tofauti ni kwamba mwaka 2021 maumivu yaliwapata watu wote kwa siku moja, mjini na vijijini; kukatikiwa kwa Kiswere huwapata watu wachache, leo hawa, kesho wale, na kila mmoja hudhani ni simu yake.

Kwa sababu hiyo tangu mwezi Agosti tumefungua daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, linakaa kwenye steshenari ile ile ambako binti yule alikwama, na mwenye duka amekubali kulitunza kaunta. Kila mwenye kukwama huandika tarehe, saa mtandao ulipoondoka, saa uliporudi, kifurushi alichokuwa amenunua na bei yake, na namba ya malalamiko kama alipewa. Asiyejua kuandika huandikiwa. Mwalimu mstaafu, Mwislamu, ndiye anayejumlisha saa zilizopotea kila mwisho wa wiki, na anafanya hivyo kwa ukali wa mtu aliyesahihisha hesabu kwa miaka thelathini: mstari usio na saa ya kurudi kwa mtandao anaufuta. Tunawaomba viongozi wa vigango na jumuiya ndogondogo za Kikristo kando ya barabara hii, pamoja na jirani zao wa misikitini na wa vyama vya msingi, wafungue daftari kama hilo kabla ya msimu wa korosho kupamba moto, kwa kuwa minada itakuwa mingi na hasara itakuwa kubwa. Nakala za kurasa zilizojaa tutazipeleka kwa mkono ofisi za kampuni zilizoko Lindi, tupigiwe muhuri wa kupokelewa, na tutazipeleka TCRA pamoja na muhuri huo.

Hadi tunapoandika, ukurasa wa saba umejaa. Ruta yetu ilirudi kufanya kazi siku moja ya Jumanne, bila fundi na bila maelezo. Saa mbili baadaye ujumbe mfupi uliingia kwenye simu ukituomba tuikadirie huduma tuliyopewa, kuanzia 1 hadi 5. Tulijibu kwa kuuliza ni nini kilichokuwa kimeharibika. Jibu lilikuja mara moja: namba hii haipokei ujumbe.